Fowili ikigoma kushika: Vipimo vya kufanya nyumbani kabla ya kulipia spea

WAKATI wa masika, gunia la vitunguu swaumu lililokwama njiani huko Mbulu si mali tena, ni hesabu ya hasara. Mnunuzi anasubiri sokoni, mvua inanyesha juu ya turubai, na dereva anahangaika na kijiti kidogo kilicho pembeni mwa gia. Amekivuta hadi alama ya 4H, taa imewaka, lakini tairi za nyuma tu ndizo zinazochimba tope. Za mbele zimetulia kana kwamba hazihusiki.

Hali hiyo ni ya kawaida kwa wenye pikapu katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Kuanzia miinuko ya Mbulu na Dongobesh hadi tambarare za Basotu, udongo ukishalowa hauna huruma na gari linalovuta kwa magurudumu mawili. Ndiyo maana wakulima na wafanyabiashara wadogo hutoa fedha nyingi zaidi kununua pikapu ya magurudumu manne, maarufu kama fowili.

Tatizo ni kwamba fowili ikigoma, wengi hukimbilia kununua transfa iliyotumika, kifaa cha bei kubwa, kabla ya kujua kosa liko wapi. Mara nyingi kosa liko kwenye kitu kidogo: grisi iliyoganda ndani ya habu, mpira wa hewa uliopasuka, fyuzi iliyoungua au waya ulioingia maji. Mwenye gari anaweza kuyabaini hayo nyumbani, kwa jeki, spana chache na saa mbili za mchana, ilimradi afuate utaratibu.

Nguvu inavyofika mbele

Ili kutafuta kosa, ni vizuri kujua njia ambayo nguvu hupita. Injini huzungusha giaboksi, na giaboksi huzungusha transfa. Transfa ndiyo njia panda. Siku zote hupeleka nguvu nyuma kupitia propela ya nyuma. Fowili inapoingizwa, transfa huunganisha pia propela ya mbele. Propela hiyo huzungusha difu ya mbele, difu huzungusha ekseli, na ekseli huzungusha tairi.

Katika pikapu nyingi za zamani, kama Toyota Hilux na Land Cruiser, kuna kiungo kimoja zaidi mwishoni. Ni habu za mbele, zenye kisahani kilichoandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, tairi huzunguka peke yake na ekseli hupumzika. Kikiwa LOCK, tairi na ekseli hushikana. Fowili haifanyi kazi mpaka transfa iwe imeingia na habu zote mbili ziwe zimeshika. Kimoja kikikosekana, gari hubaki la magurudumu mawili.

Pikapu za miaka ya karibuni hazina visahani hivyo. Badala yake kuna kifaa ndani ya difu ya mbele kinachounganisha ekseli chenyewe, kwa nguvu ya hewa inayonyonywa, yaani vakyumu, au kwa mota ndogo ya umeme. Baadhi yake hazina hata kijiti, bali kitufe au swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi.

Je, ni kosa kweli?

Kabla ya kufungua chochote, mwenye gari anapaswa kujiuliza kama fowili kweli imekataa. Wengi huona tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikizunguka bure huku nyingine mbili zimesimama, wakadhani gari ni bovu. Hapana. Hiyo ni fowili inayofanya kazi.

Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye tairi yenye wepesi zaidi. Kwa hiyo tairi ya kushoto ikiwa kwenye utelezi na ya kulia kwenye udongo mgumu, ya kushoto ndiyo itakayozunguka. Kinachozuia hali hiyo ni kufuli ya difu, ambayo si kila pikapu inayo. Dawa yake ni kuweka mawe, matawi au mchanga chini ya tairi inayoteleza, si kubadili transfa.

Dalili ya kosa halisi ni moja: tairi za nyuma zinachimba, na hakuna hata tairi moja ya mbele inayojaribu kuzunguka.

Tahadhari kabla ya kuingia chini

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, injini izimwe na ufunguo utolewe. Breki ya mkono ivutwe na mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu. Gogo imara au stendi iwekwe chini ya ekseli au fremu kabla ya mtu kuingiza kichwa.

Kuna kosa moja ambalo limewaumiza watu. Ni kuwasha injini na kuingiza gia wakati tairi moja imeinuliwa na fowili imeingizwa. Tairi zilizo chini zinaweza kushika na gari likaruka kutoka kwenye jeki. Vipimo vinavyofuata hapa vya transfa na habu hufanywa injini ikiwa imezimwa.

Kipimo cha kwanza: transfa

Kipimo hiki ni cha magari yenye kijiti, na hakihitaji jeki. Habu zote mbili ziwekwe FREE na kijiti cha transfa kiwe 2H. Mtu aingie chini na kuizungusha propela ya mbele kwa mkono. Inapaswa kuzunguka, hata kama ni kwa uzito kidogo.

Baada ya hapo atoke, akanyage klachi na kuhamishia kijiti 4H. Kikikataa, asikilazimishe kwa mguu wala kwa nyundo. Huenda meno ya ndani hayajapangana. Mawe yaondolewe, gari lisogezwe mbele mita moja au mbili, kisha ajaribu tena. Kikishaingia, mawe yarudishwe, breki ya mkono ivutwe, na propela ijaribiwe kwa mara ya pili.

Sasa isizunguke, isipokuwa mchezo mdogo wa kwenda na kurudi. Sababu ni kwamba imeunganishwa na propela ya nyuma, ambayo imezuiwa na tairi zilizo chini. Ikikataa kuzunguka, transfa ni nzima na hakuna haja ya kuinunua. Ikiendelea kuzunguka bure wakati kijiti kiko 4H, kosa liko kwenye transfa au kwenye vyuma vinavyounganisha kijiti nayo. Vyuma hivyo vitazamwe kwanza, kwa kuwa tope kavu, kutu au bushi ya plastiki iliyokatika huweza kufanya kijiti kisogee juu bila transfa kusogea chini.

Kipimo cha pili: habu

Kijiti kirudishwe 2H. Habu zote mbili ziwekwe LOCK, kisha tairi moja ya mbele iinuliwe kwa jeki na kuwekewa gogo. Mtu mmoja aizungushe tairi hiyo kwa mkono huku mwingine akiitazama propela ya mbele kutoka pembeni.

Propela ikizunguka pamoja na tairi, njia yote kutoka habu hadi difu ni nzima. Tairi ikizunguka na propela ikabaki imesimama, moja ya habu haishiki, au kuna ekseli iliyokatika. Katika magari ambayo ekseli zake za mbele zinaonekana kwa nje, ni rahisi kujua ni upande gani: tairi inazunguka lakini ekseli yake imetulia. Katika magari yenye ekseli iliyofichwa ndani ya bomba, zifunguliwe habu zote mbili.

Kisahani kigumu kuzungusha pia ni dalili. Asitumie koleo kwa nguvu, kwa sababu kikivunjika, kosa dogo linageuka kuwa la kununua habu nzima.

Kusafisha habu

Kazi hii iko ndani ya uwezo wa mwenye gari anayejua kushika spana. Kisahani kiwekwe FREE. Bolti ndogo za mfuniko zifunguliwe. Kwa Toyota nyingi ni sita na hutumia spana namba 10. Mfuniko ukitoka, mpangilio wa vipande, springi na pini utazamwe vizuri, au upigwe picha kwa simu, kabla ya kugusa kitu.

Mara nyingi kinachokutwa ndani ni grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi na maji, ikawa ngumu kama ulimbo. Kipande chenye meno kinachotakiwa kuteleza hadi kwenye ekseli kinashindwa kusogea. Vipande vioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa, vikaushwe, na meno yakaguliwe. Meno yaliyolika au springi iliyokatika haina dawa ila kubadilishwa.

Wakati wa kurudisha, grisi mpya ipakwe kwa wembamba. Hapa wengi hukosea kwa kudhani grisi nyingi ndiyo uhai wa habu. Habu iliyojazwa grisi hushindwa kuteleza kama ile iliyokauka. Gaskiti au mpira wa kuzuia maji uliochanika ubadilishwe, na bolti zikazwe kwa kiasi kwa sababu ni nyembamba na hukatika kirahisi.

Magari ya vakyumu na ya kitufe

Kwa pikapu zisizo na visahani, ukaguzi huanzia kwenye fyuzi. Fyuzi ya fowili, kama ipo peke yake, huonyeshwa kwenye mfuniko wa sanduku la fyuzi au kwenye kitabu cha gari. Ikifuatia ni soketi za nyaya zilizo karibu na transfa na difu ya mbele, ambazo hukaa mahali pa kurushiwa tope. Zifunguliwe, zikaushwe, na ukungu wa kijani usafishwe.

Kama gari linatumia vakyumu, mipira yake myembamba ifuatwe kwa mkono kutoka kwenye injini hadi kwenye difu ya mbele. Joto huipasua, na panya huitafuna gari linapolala karibu na ghala la mahindi. Mpira uliopasuka hauhitaji fundi. Hubadilishwa kwa mwingine wa unene uleule.

Mipira ikiwa mizima, injini iwashwe gari likiwa limesimama kwa tairi zote nne, breki ya mkono imevutwa na gia iko nyutro. Mtu asimame pembeni, si mbele ya gari. Mpira unaoingia kwenye kifaa cha difu uchomolewe na kidole kiwekwe kwenye mdomo wake. Katika mifumo mingi kuna mipira miwili: mmoja hunyonya gari likiwa 2H, mwingine hunyonya likiwa 4H. Kama hakuna unaobadilika swichi inapohamishwa, kosa liko kwenye vali ndogo za umeme zinazogawa vakyumu, au kwenye nyaya zake. Kama mpira unanyonya vizuri lakini difu haishiki, kifaa cha kwenye difu ndicho chenye kosa.

Ipo dalili moja isiyopaswa kupuuzwa. Injini ya dizeli hupata vakyumu kutoka kwenye pampu yake, ambayo katika magari mengi ndiyo inayosaidia pia breki. Kwa hiyo fowili ikigoma na wakati huohuo pedali ya breki ikawa ngumu kuliko kawaida, gari lisiende popote. Hilo ni suala la breki kabla ya kuwa suala la fowili.

Taa isiaminiwe peke yake

Katika magari mengi ya kijiti, taa ya fowili huwashwa na swichi iliyoko kwenye transfa. Inachosema ni kwamba transfa imeingia, basi. Habu zikiwa FREE taa itawaka vilevile. Ndiyo maana dereva anaweza kukwama taa ikiwa inang'aa mbele yake.

Kinyume chake pia hutokea. Gari linavuta kwa tairi zote lakini taa haiwaki, na kosa likawa ni balbu au swichi tu. Kwa magari ya kitufe, taa inayowakawaka bila kutulia humaanisha mfumo umeagizwa kubadili lakini haujamaliza. Dereva asogeze gari taratibu mbele au nyuma kwa mstari ulionyooka. Ikiendelea kuwakawaka, arudi kwenye fyuzi, soketi na mipira.

Lami na zege

Kosa jingine linatokana na barabara zenyewe. Dereva anayetoka mashambani Hanang akiwa kwenye fowili hufika Katesh na kuingia kwenye lami ya Babati hadi Singida. Mwingine anayetoka Mbulu kupitia Mlima Magara hukuta sehemu za zege zenye kona kali. Wakisahau kutoa fowili, wanaiua.

Gari linapokata kona, tairi za mbele husafiri umbali mrefu kuliko za nyuma. Katika pikapu za kawaida, transfa huzilazimisha propela mbili zizunguke sawasawa. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza, hivyo nguvu hujikaza ndani ya transfa, krosi za propela na difu. Usukani huwa mzito, gari huvutana, na kijiti hukataa kutoka.

Dawa yake si kukivuta kwa mikono miwili. Gari lirudishwe nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, klachi ikanyagwe, na kijiti kitatoka bila shida.

Gari likivutana hata likienda moja kwa moja, zitazamwe tairi. Ukubwa uwe mmoja mbele na nyuma, na kuchakaa kusipishane sana. Kwa gari lililowahi kufungwa difu iliyotumika, kuna jambo zito zaidi: hesabu ya meno. Difu ya mbele ya 4.3 haiwezi kufanya kazi na ya nyuma ya 4.1. Gari litatembea vizuri kwenye 2H kwa miaka, na siku fowili itakapoingizwa, kitavunjika kitu. Mnunuzi wa difu ya mtumba aulize namba hiyo kabla ya kutoa fedha.

Pa kuishia

Kuna mahali mwenye gari anapaswa kusimama na kumwachia fundi. Mlio wa kusaga kutoka kwenye transfa au difu, kijiti kinachoruka chenyewe gari likiwa na mzigo, vipande vya chuma kwenye oili, au mlio wa kugonga mfululizo tairi za mbele zinapokatwa, si kazi za uwanjani nyumbani.

Hata hivyo, kazi ya vipimo haikupotea. Anayefika gereji akasema propela ya mbele inashika kwenye 4H lakini habu haishiki, hawezi kuuziwa transfa kirahisi. Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi pamoja na lini kosa lilianza, na gari lilikuwa limepita wapi.

Baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye habu, oili ya difu na ya transfa ikaguliwe. Boliti ya juu ya kujazia ndiyo ifunguliwe kwanza; aliyeanza kumwaga halafu akakuta ya juu imekwama hana njia ya kuirudisha oili. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imeingia maji na inapaswa kumwagwa. Aina ya oili ifuate kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya transfa hutumia oili tofauti na ya difu.

Fowili pia huharibika kwa kukaa bure. Vitabu vya Toyota kwa baadhi ya magari hayo hushauri itumike angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili izifikie sehemu za mbele. Kwa mkulima wa Mbulu au Hanang, hiyo ina maana ya kuiingiza hata wakati wa kiangazi, kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka, na kuitoa kabla ya kugusa lami. Siku hiyohiyo ndiyo ya kugundua kwamba habu imeganda, si siku ya mvua na mzigo wa watu.

Lakini fowili nzima si ruhusa ya kuingia kila mahali. Wakazi wa Hanang wanakumbuka Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika eneo la Katesh. Maji yanayokimbia hubeba gari lenye tairi nne zinazovuta sawasawa na lenye mbili. Korongo likijaa, pikapu isimame ng'ambo hadi maji yapungue. Vitunguu vinaweza kusubiri saa tatu.